Moyo unaokuwa mkubwa: nani anautolea amri?

Mama kijana amezaa wiki tatu zilizopita. Tuseme ni hapa Mpofi, lakini hata ingekuwa Kashebere, Kibua au Nyabiondo, habari ni ile ile. Mtoto ni mzima. Mama ndiye anaanza kuvimba miguu. Usiku hawezi kulala chali, anaomba mto wa pili, wa tatu, mwishowe analala akiwa ameketi. Anakohoa. Akienda kuchota maji anasimama njiani mara nne. Jirani mmoja anasema ni uchovu wa uzazi, mwingine anasema malaria. Wiki ya pili sauti zinashuka na mtu anasema lile neno: "Balimupatia karuho." Kutoka hapo, pesa ya moto ya kumpeleka opitali inaenda kwa mtu wa dawa za kutapisha.

Wengi wetu tuliosoma tumeshakaa kwenye duara kama hilo na tukanyamaza. Si kwamba tuliamini. Hatukuwa na maneno. Unamwambia nini baba mkwe, eti "kardiomyopati"? Atakuuliza ni kitu gani, na wewe mwenyewe utababaika. Basi leo tujaribu kupata maneno, polepole, kwa Kiswahili chetu.

Moyo wa mtu mzima una uzito wa gramu 300 hivi kwa mwanaume, 250 hivi kwa mwanamke. Unapiga karibu mara 100,000 kwa siku. Ni musuli kama musuli mwingine, lakini una jambo moja la pekee: seli zake karibu haziongezeki tena baada ya utoto. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walipima kaboni ambayo majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliiacha hewani ikaingia katika miili ya watu wote, na kwa njia hiyo wakahesabu umri wa seli za moyo. Waliona kwamba kijana wa miaka 25 anabadilisha karibu asilimia 1 tu ya seli hizo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 hafikishi hata nusu ya asilimia. Kwa hiyo moyo ukikua, seli hazijazaana. Ni zile zile, kila moja imenenepa au imevutika.

Kukua kwenyewe si ugonjwa kila mara. Angalia kijana anayesukuma chukudu kutoka Masisi hadi Sake: mapaja yake yamejaa, na moyo wake vilevile. Mama mjamzito naye, damu yake inaongezeka karibu nusu juu ya ile ya kawaida, na moyo unanenepa kidogo ili uweze kuisukuma. Akishazaa, unarudi. Huo ni ukuaji mzuri, mishipa midogo ya damu inakua pamoja na musuli na hakuna kovu linalobaki.

Ukuaji mbaya uko wa namna mbili, na ni vizuri kuzitofautisha. Namna ya kwanza ni ukuta wa moyo kuwa mnene, hasa kwa mtu wa tansio, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaita presha. Moyo unasukuma damu kwenye mishipa iliyokaza, kama chukudu lililopakizwa magunia kumi likipanda mlima, siku zote, bila mteremko. Namna ya pili ni chumba cha moyo kupanuka, ukuta unakuwa mwembamba na mlegevu, kama puto lililopulizwa mara nyingi. Mara nyingi ile ya kwanza, ikiachwa miaka mingi, inaishia kwenye ya pili. Mama wetu wa hapo juu ameingia kwenye ya pili moja kwa moja, kwa wiki chache.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanakosea, hata sisi wenye diploma. Tunafikiri moyo unakua kwa sababu ya mzigo tu. Kumbe mzigo peke yake hautoshi. Lazima kuwe na amri, na amri inaletwa na homoni.

Homoni ni ujumbe: kiungo kimoja kinautoa ndani ya damu, kingine kinaupokea mbali. Vimeng'enya, wale tulioambiwa darasani kwa Kifaransa kwamba ni "anzimu", ni wafanyakazi. Wanakata, wanaunganisha, wanaharibu, wanasafisha. Ujumbe mwingi wa mwili unafika ukiwa bado mbichi, na bila kimeng'enya cha kuukata hauna nguvu. Kwa hiyo mambo ya moyo kukua ni kama kesi kati ya wanaotoa amri ya "ongeza" na wanaosema "tosha".

Upande wa "ongeza" unaanzia kwenye figo, si kwenye moyo. Figo ikisikia damu inafika kidogo, inatoa kimeng'enya kinachoitwa renini. Kiligunduliwa Stockholm mwaka 1898, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Renini inakata protini moja kubwa iliyotoka kwenye ini. Kipande kinachopatikana kinakatwa tena, hasa ndani ya mapafu, na kimeng'enya kingine kinachoitwa ACE, na hapo inazaliwa angiotensini II. Huyu ndiye mkubwa wa amri. Anakaza mishipa ili damu ipande. Anaituma tezi iliyo juu ya figo itoe homoni nyingine, aldosteroni, ambayo inazuia chumvi na maji visitoke kwenye mkojo. Na jambo la tatu, ambalo halisemwi sana: anazungumza na seli za moyo zenyewe, anaziambia zinenepe, na anaziambia seli za jirani zitengeneze nyuzi ngumu kati ya musuli. Nyuzi hizo ni kovu. Kovu halipigi.

Ushahidi kwamba ni amri na si mzigo peke yake uko wazi. Kuna watu ambao tezi yao inatoa aldosteroni nyingi kupita kiasi. Ukiwalinganisha na wagonjwa wengine wenye tansio ya kiwango kile kile, moyo wao ndio mkubwa zaidi. Mlima ni mmoja, magunia ni yale yale, lakini huyu amepokea amri zaidi.

Na kule Brazili, nyoka mmoja anayeitwa Bothrops jararaca akiuma mtu, tansio inaanguka. Sérgio Ferreira alichunguza sumu hiyo, na mwaka 1965 akaonyesha kwamba ndani yake kuna kitu kinachozuia kuharibiwa kwa kemikali ya mwili inayolegeza mishipa. Baadaye ikaonekana kwamba kitu hicho kinafunga mikono ya ACE. Kutoka hapo watengeneza dawa walifika kwenye kaptoprili, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 1981. Enalaprili ni ndugu yake. Kinini hicho kidogo cha tansio, chenye asili ya mdomo wa nyoka, kinapunguza unene wa moyo kwa sababu kinakata amri katikati ya njia. Njo maana muganga anasisitiza usikiache hata kama kichwa hakiumi. Ukikiacha, figo haijasahau. Amri inarudi. Na kwetu sisi watu hawaachi dawa kwa uzembe tu: mtu akikimbia usiku kwenda Kibua au porini, anachukua mtoto na godoro, kinini kinabaki mezani.

Twende upande wa "tosha". Hapa ndipo napenda zaidi, maana shuleni hatukuambiwa kwamba mwili una walinzi wake.

Mlinzi wa kwanza jina lake mmeshalisikia: ACE2. Wakati wa korona tulisoma kwamba kirusi kinaingia kwenye seli kwa kupitia mlango huo. Lakini ACE2 haikuwekwa mwilini kwa ajili ya korona. Ni kimeng'enya kilichotambuliwa mwaka 2000, na kazi yake ni kumkamata angiotensini II, kumkata ncha moja, na kumgeuza kuwa kitu kingine kinacholegeza mishipa na kutuliza ukuaji. ACE anatengeneza mkubwa wa amri, ndugu yake ACE2 anamvua cheo. Nyumba moja, tabia mbili.

Mlinzi wa pili ni moyo wenyewe. Hadi mwaka 1981 wengi walidhani moyo ni pampu tu. Adolfo de Bold, huko Kanada, alichukua maji ya vyumba vya juu vya mioyo ya panya akawadunga panya wengine. Walikojoa maji na chumvi nyingi. Kumbe moyo unatoa homoni. Ukivutwa na damu nyingi, unatuma ujumbe kwa figo: toa chumvi, nipunguzieni. Homoni hiyo pia inazizuia seli za moyo zisinenepe. Lakini inatoka ikiwa imefungwa, na kuna kimeng'enya juu ya ngozi ya seli ya moyo, kinaitwa korini, ambacho kinaikata ili ifunguke. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliripoti aina moja ya korini dhaifu ambayo ilionekana zaidi kwa Wamarekani weusi, na waliokuwa nayo walikuwa na tansio ya juu zaidi. Baadaye wakaona kwamba mioyo yao ilinenepa zaidi kwa tansio ile ile. Hilo lisitufanye tuseme "ni damu yetu, hakuna la kufanya". Tansio inapimwa na inashushwa, korini iwe dhaifu au iwe na nguvu.

Homoni hizo za moyo zina faida nyingine: zikipanda kwenye damu, maabara inaweza kuzipima na kujua moyo unateseka, kabla hata ya picha. (Si kila kimeng'enya ni mlinzi, lakini. Neprilisini kazi yake ni kuziharibu, na kuna dawa ya bei ya juu inayomzuia.)

Mlinzi wa tatu anakaa ndani zaidi, kwenye mitokondria, yale majiko madogo ya seli. Jiko likiwaka linatoa moshi. Seli ikitumia oksijeni, sehemu ndogo inageuka kuwa kitu kikali kinachochoma chochote kilicho karibu. Moyo haupumziki, kwa hiyo moshi wake ni mwingi. Mwaka 1969 McCord na Fridovich walieleza kimeng'enya kinachoanza kuuzima: superoksidi dismutasi. Aina yake ya ndani ya mitokondria inatumia madini ya manganizi. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba panya waliozaliwa bila aina hiyo walikufa ndani ya siku 10 hivi, mioyo yao ikiwa imepanuka. Hawakuwa na tansio wala mzigo. Mlinzi mmoja alikosekana, basi.

Sasa turudi kwa mama wetu. Ugonjwa wake una jina refu, tuuite ugonjwa wa moyo wa uzazi. Unatokea mwishoni mwa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kuzaa, kwa mwanamke ambaye moyo wake haukuwa na tatizo lililojulikana. Kaskazini mwa Nijeria umehesabiwa hadi karibu mama 1 kwa kila uzazi 100, Haiti 1 kwa 300, Afrika Kusini 1 kwa 1,000. Katika uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2012, wa wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kazi kutoka nchi tisa za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo, tansio ilikuwa chanzo cha karibu nusu ya kesi, na huu wa uzazi ulikuwa kwenye asilimia 8 hivi. Wastani wa umri wao wote ulikuwa miaka 52. Ulaya ugonjwa huo wa moyo kushindwa ni wa vikongwe. Kwetu ni wa watu ambao bado wanalima na kulipa minervali ya watoto.

Mwaka 2007 kikundi cha Denise Hilfiker-Kleiner, huko Hannover Ujerumani, kilieleza kinachoweza kutokea, na hapa homoni na vimeng'enya vinakutana waziwazi. Mwisho wa mimba moyo umechoka na moshi umepanda. Kwa kawaida seli ya moyo inaongeza yule mlinzi wa manganizi. Kwa baadhi ya akina mama ulinzi huo unashindwa kupanda. Moshi unazidi, na kimeng'enya kingine cha kukata, katepsini D, kinaanza kazi isiyo yake. Kinaikata prolaktini. Prolaktini ni homoni ya maziwa, haina ubaya wowote, ndiyo inamnyonyesha mtoto. Lakini kile kipande kinachokatwa ni adui: kinaharibu mishipa midogo ya damu ndani ya moyo. Musuli unakosa chakula, unalegea, chumba kinapanuka. Maji yanarudi nyuma kwenye mapafu, ndiyo kikohozi cha usiku, na kwenye miguu.

Kwa hiyo ukiambiwa kuna sumu ndani ya mwili wa yule mama, unaweza kujibu: kwa namna fulani ni kweli. Ila haikuwekwa na mtu kwenye pombe wala kwenye uji. Imetengenezwa na mwili wake mwenyewe, kutokana na homoni ya maziwa, kwa sababu mlinzi alikosekana. Jibu hilo nimeona linasikika na wazee kuliko kuwaambia "hakuna sumu".

Kama chanzo ni prolaktini iliyokatwa, si tuizuie? Ndivyo walivyofanya Afrika Kusini. Mwaka 2010 Karen Sliwa na wenzake walitoa matokeo ya wanawake 20: kumi walipewa matibabu ya kawaida ya moyo, kumi wakaongezewa bromokriptini, dawa inayofunga prolaktini. Baada ya miezi sita, nguvu ya moyo ilipanda kutoka asilimia 27 hadi 58 kwa waliopata bromokriptini, na hadi 36 tu kwa wengine. Alikufa mmoja upande wa kwanza, wanne upande wa pili. Inapendeza, lakini ni watu 20.

Na kuna shida ambayo ukiwa Hannover huioni haraka. Bromokriptini inakausha maziwa. Mama wa Mpofi akikaushwa maziwa, mtoto wa wiki tatu atakula nini? Maziwa ya kopo, kwa maji ya mtoni, kwa chupa isiyochemshwa? Unaweza kumwokoa mama ukampoteza mtoto kwa kuhara. Tena dawa hiyo inaweza kugandisha damu, kwa hiyo inapewa pamoja na dawa ya kuzuia damu isigande. Si dawa ya kununua farmasi ya njiani. Ni uamuzi wa muganga, kwa mama aliyefanyiwa ekografia ya moyo. Matibabu ya msingi, yale ya kutoa maji mwilini na kupunguza kazi ya moyo, ndiyo ya kwanza, na hayo hayakaushi maziwa. Enalaprili anaweza kuitumia akinyonyesha chini ya uangalizi. Lakini mwenye mimba, hapana kabisa: kaptoprili na enalaprili zinaharibu figo za mtoto tumboni. Dada anayekunywa kinini cha tansio na anataka kubeba mimba, au ameshabeba, aseme mapema abadilishiwe.

Mtu ataniuliza kuhusu chakula. Kule Nijeria walidhani kwa muda mrefu kwamba ugonjwa unaletwa na desturi ya kumpa mama uji wenye chumvi ya ziwani na kumwogesha maji ya moto sana siku arobaini. Uchunguzi wa karibuni haukuona hizo kuwa chanzo. Ulichoona ni uzito mdogo na tansio ya mimba, na baadhi ya uchunguzi uliona pia upungufu wa selenyumu. Selenyumu ni madini yanayohitajiwa na mlinzi mwingine wa moshi, glutathioni peroksidasi. Huko China, wilaya ya Keshan, udongo ulikuwa na selenyumu kidogo sana na watoto pamoja na akina mama walikufa kwa moyo kupanuka, hadi walipoanza kugawa vidonge vyake miaka ya 1970. Lakini tusikimbilie vidonge. Hapa kwetu Kongo, huko Karawa katika Ubangi, udongo ulikosa selenyumu na iodini kwa pamoja. Mwaka 1991 iliripotiwa kwamba watu wenye tezi dhaifu walipopewa selenyumu peke yake, homoni yao ya tezi ilishuka zaidi, maana vimeng'enya vya selenyumu vilianza kuitumia haraka na iodini ya kutengeneza nyingine haikuwepo.

Basi, kwenye duara la wazee, sema haya. Mama aliyezaa ambaye hawezi kulala chali, anayeamka usiku akitafuta hewa, ambaye miguu inazidi kuvimba badala ya kupungua, apelekwe leo kwenye kituo cha afya, wampime tansio, wamsikilize mapafu, wamwandikie ruhusa ya opitali kubwa. Radiografi ya kifua ikionyesha kivuli cha moyo kimezidi nusu ya upana wa kifua, ekografia itafutwe, hata kama ni kufika Goma. Wengi wanapona. Kwa baadhi moyo unarudi karibu na kawaida ndani ya miezi sita, wengine wanahitaji muda zaidi.

Halafu, mwaka ukipita, familia ya bwana itauliza mtoto mwingine. Mwaka 2001 huko Marekani walitolewa matokeo ya wanawake 44 waliougua hivi na wakabeba mimba tena. Kati ya 28 ambao moyo ulikuwa umerudi, hakuna aliyekufa, ingawa kwa baadhi moyo ulidhoofika tena. Kati ya 16 ambao haukuwa umerudi, walikufa watatu. Kwa hiyo kabla ya kujibu wakwe, ekografia nyingine. Na karatasi yake mama aiweke pamoja na kadi ya CPN, ndani ya mfuko ule ule anaoukamata wakati wa kukimbia.